Namba ya zamani

Juni ile baridi ya Mbeya ilikuwa ya kupasua midomo. Nilitoka Uyole alfajiri, sweta ndani, khanga mbili juu, na kichwani nimepanga wiki nzima ya mambo ya kumweleza dokta.

"Dada, dokta yuko likizo. Utaonwa na mwingine," nesi alisema, macho yake kwenye mafaili.

Mgonjwa mwingine angekaa kwenye benchi akasubiri. Mimi nilichosikia ni: amekuchoka. Papo hapo yule dokta niliyekuwa nikimsifia nyumbani hadi mama anakereka akageuka mtu mbaya kuliko wote niliowahi kukutana nao. Nikachukua kadi yangu nikaondoka. Mwanjelwa nikanunua maparachichi ndoo nzima, na kwetu tunayo shambani.

Dokta alishanieleza kwamba tatizo langu ni la haiba, yaani namna mtu anavyohisi na kuishi na wengine, wanaliita bodalaini, na kwamba ndani yake kuna woga mkubwa wa kuachwa. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema. Lakini siku woga wenyewe ulipokuja haukujitambulisha kwa jina hilo. Ulikuja kama hasira, tena hasira ya haki kabisa.

Kila Alhamisi nikawa naaga naenda kliniki, naishia kwa shangazi Iyunga. Mama alipogundua alidhani nauli imenishinda. Nauli ninayo. Nilikuwa nangoja simu: wakinitafuta, basi nina maana kwao. Simu haikulia.

Miaka baadaye nilisoma habari za Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba ya watu wenye tatizo hili, ambaye mwaka 2011 alisema hadharani kuwa naye alilazwa hospitali ya akili akiwa msichana. Katika tiba yake hamu ya kuacha matibabu ni jambo la kuzungumzwa mezani mapema, na anayekosa vikao vinne mfululizo anakuwa ametoka. Mimi nilikosa saba. Na mimi hakuna aliyeniambia mwanzoni kwamba siku ya kutaka kukimbia itafika.

Agosti mama alinirudisha, kanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Dokta wangu alikuwepo. Hakufoka. Alifungua faili, akanionyesha pembeni tarehe tatu za Julai alizoandika kwa kalamu nyekundu: "Nimepiga. Haipatikani."

Namba ilikuwa ya ile laini niliyoivunja kwa meno mwezi Mei, usiku niliogombana na mchumba.