Siku yangu kwenye banda la nguruwe: chokaa, bati na ile taa nyekundu

Saa 11 alfajiri. Kabla sijawasha taa naita kwanza: "Haya mama, nimekuja." Jike aliyezaa juzi akishtushwa na mwanga hukurupuka na kulalia watoto. Usiku umeme ulikatika, taa nyekundu ya joto ikazimika, na vitoto nimevikuta vimerundikana. Vya umri huo vinataka nyuzi 32 hivi, na alfajiri ya Julai hapa Morogoro haina huruma. Nimejaza maji ya moto kwenye madumu, nikayaviringisha kwa magunia.

Saa 1. Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa. Kelele zake mnazijua.

Saa 3. Mzee jirani kaja. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Eti nikipaka banda rangi nyekundu watanenepa?" Nikamwambia jicho la nguruwe lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, letu tatu. Bluu anaipata, nyekundu haimng'arii. "Na hiyo taa yako?" Joto, mzee, analisikia mwilini! Akacheka, ila sidhani kama nimemshawishi.

Saa 7 mchana. Rangi ninayoiamini mimi iko juu ya paa. Bati lilipokuwa na kutu, saa hizi wote walilala wakihema na chakula kikabaki horini, maana nguruwe hana jasho la kumpoza. Asiyekula atakua na nini? Nililipaka nyeupe kwa nje, na sasa hori linarambwa hata mchana. Ukutani napiga chokaa. Zamani, kwenye saruji ya kijivu na dirisha moja dogo, upele wa nyuma ya masikio niliuona ukishaenea banda zima. Chokaa haimnenepeshi nguruwe. Inanisaidia mimi kumwona aliyeanza kudhoofika.

Lakini jua lenyewe lisiwapige. Hawa weupe huungua ngozi kama albino, ndiyo maana banda limelala mashariki–magharibi.

Saa 9. Kupima kwa futi kamba: mzingo wa kifua mita 0.9, urefu wa mwili 0.95. Zidisha mzingo kwa mzingo, kwa urefu, kisha kwa 69.3: kilo 53. Bado hajafikia kuuzwa.

Saa 10. Mnunuzi wa kitimoto kafika, wawili wamegoma mlangoni. Kijana wangu kashika fimbo. Nikamwambia aiweke chini, afungue dirisha la mwisho wa ujia. Mwanga ulipoingia, wakatembea wenyewe. Kwenye kiza nguruwe haendi, utamchubua bure.

Saa 2 usiku. Wa kunenepesha nawazimia taa, walale. Sheria za Ulaya zinadai angalau saa 8 za mwanga wa lux 40 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa siku. Sisi jua linatupa kama 12 bure, mradi dirisha liwepo. Anayenyonyesha namwachia taa hadi saa 4, naona anaamka kula tena na maziwa hayapungui.

Saa 4 kasoro. Umeme umekatika tena. Naenda kuchemsha maji.