Kelele zetu za oili chafu zilivyogeuka vifungu vitatu

Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, hapa Mombasa, na kabla ya ukatibu nilikuwa mvuvi wa malema. Sheria sikuisomea. Rasimu ya kanuni za uchafuzi wa bahari kutoka melini ilipoletwa bandani tuitolee maoni, Kiingereza kitupu, wazee wote walinigeukia mimi kwa kuwa nilifika kidato cha nne.

Kikao cha kwanza kilikuwa kelele tupu. Kila mtu na lake: nyavu zinazonuka dizeli, madonge ya lami ufuoni, mikoko ya Port Reitz iliyopakwa mafuta ghafi Aprili 2005 meli ya mafuta ilipovuja bandarini Kilindini. Niliandika kurasa nne. Usiku nikazisoma tena, nisione hata mstari mmoja ambao mwandishi wa sheria angeweza kuuchukua. "Serikali ichukue hatua" si kifungu.

Nikamwendea shemeji yangu, serahangi (msimamizi wa mabaharia) mstaafu. Akanicheka kwanza. Kisha akanieleza kwamba MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini, unafanya kazi tangu 1983: plastiki haitupwi baharini popote pale, maji ya chumba cha injini hayamwagwi yakizidi sehemu 15 za mafuta kwa milioni, na meli kubwa lazima iwe na daftari la mafuta linalokaguliwa.

"Makatazo yapo, shemeji," alisema. "Wewe uliza: uchafu ukikatazwa baharini, uende wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. MARPOL inaidai nchi yenye bandari iweke mahali pa kupokea uchafu wa meli. Lakini meli ikitozwa kwa kila pipa inaloshusha, nahodha mwenye haraka na bosi mbahili atangoja usiku na kilindi. Bandari za Bahari ya Baltiki, kule Ulaya, walilimaliza hilo kwa kuiingiza ada ndani ya tozo za bandari: ushushe usishushe, umelipa. Basi kwa nini umwage? Hicho kikawa kifungu chetu cha kwanza, nami nilikipenda kuliko vyote.

Cha pili kilihusu fidia. Kenya ni mwanachama wa Mfuko wa Kimataifa wa 1992, unaofidia madhara ya mafuta yanayovuja kutoka meli za mafuta, mradi mdai asichelewe kupita miaka mitatu tangu apate hasara, na awe na ushahidi wa hasara yenyewe. Hapo ndipo tunaponaswa sisi. Mvuvi anajua alichovua jana, lakini hakukiandika. Tukaomba daftari la mavuno la BMU litambuliwe kuwa ushahidi. Cha tatu kilikuwa chepesi: mafuta yakimwagika, BMU za jirani zipigiwe simu mara moja. Tumechoka kuambiwa na pua.

Kuviandika kulinichukua wiki mbili. Kila kifungu nilikipa mambo matatu: nani afanye, afanye nini, asipofanya iweje. Bila la tatu, shemeji alisema, hiyo ni dua.

Siku ya kutoa maoni ukumbini tulipewa dakika tano. Mzee wetu mmoja alimaliza tatu akisimulia ya 2005, na sikuthubutu kumkatiza. Nusu ya ukumbi ilikuwa inafuta macho. Mimi nikasoma vifungu, nikakabidhi nakala, nikadai zigongwe muhuri. Mwanasheria akasema mambo ya ada ni ya kitabu cha tozo, si ya kanuni hizi.

Rasimu iliyorudi ilikuwa na simu yetu, tena na muda uliowekwa. Daftari limo, ila kwa maneno malegevu: "linaweza kuzingatiwa". Ada haimo. Nimeshaanza barua ya watu wa tozo.

Daftari hatukungoja kanuni zipite. Kila jioni nakaa mizanini na kalamu. Jana: tafi kilo 9, changu kilo 4, pweza watatu. Harufu ya dizeli: hakuna.