Rifoma imenyamaza leo

Wiki nzima rifoma yetu, ile mashine ya mazoezi ya pilates yenye kitanda kinachoteleza kwa reli na kuvutwa na springi, hapa Section 58 Nakuru imekuwa ikigonga tuk tuk tuk, kila mteja akisukuma na miguu kitanda kinaruka kidogo, na mimi roho juu.

Leo nimefika mapema nikafungua springi zote, nikasukuma kitanda pole pole huku nikipitisha kidole kwa reli.

Vumbi la Nakuru jamani! Limeshikana na nywele likajisokota kwa gurudumu moja, gumu kama gundi. Nimelitoa na kitambaa chenye maji ya sabuni, mafuta sikutia, yanavuta vumbi zaidi.

Nikapima kamba mbili za kuvuta kitanda. Ya kushoto imepita ya kulia kwa urefu, karibu upana wa kidole, kumbe ndio maana kuna mama amekuwa akiniambia nyonga yake inavutwa upande mmoja na mimi nikimwambia ajinyooshe tu. Hiyo imeniuma sana. Nitampigia jioni.

Springi moja pia imeachana katikati, nimeiweka kando. Zimemaliza miaka 2, nabadilisha zote.

Nimesukuma tena kitanda.

Kimya kabisa.

Wenye studio, nyinyi reli mnapanguza kila siku ama? Niambieni.