Kipande cha dumu

Jana jioni jirani kachoma takataka zake, na ndani kumbe kulikuwa na dumu bovu la mawese. Ile harufu ya plastiki inayoungua pamoja na mafuta ilipofika kwetu barazani nikaweka kikombe chini nikasimama. Mwanangu akaniuliza, baba vipi? Nikamwambia hamna kitu. Kitu kipo, nimelala nacho usiku kucha.

Ni ile Hilux ya baba, pikapu ya mwaka 1980, ya taa za mviringo. Mwaka 2003 mwezi wa saba, mimi nimemaliza fomu foo niko tu nyumbani Gungu, Kigoma, na taa ya upande wa dereva ilikuwa imeinama inamulika bampa na hatua chache za barabara basi. Kinachoharibika pale ni kitu kidogo mno. Taa zile balbu na kioo ni kitu kimoja, kimekaa kwenye ringi, ringi inashikwa na skrubu mbili na springi, skrubu ya juu ndiyo ya kupandisha na kushusha mwanga, ya pembeni ya kuupeleka kulia na kushoto. Kila skrubu inaingia kwenye nati ya plastiki iliyochomekwa kwenye tundu la mraba kwenye bati. Sasa miaka ishirini na zaidi ya joto na mitikisiko, plastiki inakauka inakuwa kama biskuti, siku ikipasuka skrubu haina pa kushika tena, ringi inalegea kwa juu na taa inaangalia chini.

Mimi nikakunja kipande cha boksi nikakisokomeza nyuma ya ringi, upande wa chini. Taa ikainuka, ikainuka mpaka ikawa inapiga kwenye matawi ya miembe, baba akasema haya sasa tunaona. Nikafurahi. Madereva wengi wanaipenda taa ya hivyo, wanasema inaona mbali.

Siku ya tatu tukaenda Kasulu kufuata maharage. Tukapakia magunia, na pikapu ikibeba mzigo inakaa nyuma pua inanyanyuka na taa zinanyanyuka nayo, hilo sikuliwaza kabisa. Kurudi giza likatukuta. Barabara enzi hizo vumbi tupu, tumeshapita Kidahwe tunaitafuta Mwandiga, nikaona baiskeli kwa mbele imeyumba mara moja halafu haipo. Hatukuigusa. Baba akasimama, tukamkuta mtu mzima yuko mtaroni na madumu yake matatu ya mawese, moja limepasuka ubavu mafuta yote yamekwenda, goti limechubuka, mikono inamtetemeka. Hakututukana. Alimwambia baba tu, "Ndugu yangu, taa yenu imenipofusha, mtaro sijauona." Baba akaomba radhi, akamlipa dumu zima na hela ya dawa, akamwomba tumrudishe kwake, akakataa, akasema anakokwenda si mbali. Tukamfungia upya mzigo. Lile dumu lililopasuka akaliacha, mimi nikalitupia nyuma ya gari, nadhani nilitaka tu mikono yangu ipate cha kufanya.

Sikumwambia kwamba boksi niliweka mimi. Baba alijua, naye hakusema, akaomba msamaha kama kosa ni lake.

Kesho yake usiku umeme umekatika mtaa mzima. Baba akaileta gari uani, akakataa magunia yasishushwe. Nikachukua bisibisi. Akaniambia, "Weka chini hiyo. Chukua baiskeli nenda mpaka kwenye mchungwa, halafu njoo huku."

Nikaenda. Kutoka mchungwa mpaka pale gari ilipo ni kama hatua hamsini, uwanja niliozaliwa nao, najua jiwe la kufulia liko wapi, kamba ya nguo inapita wapi, na ule mfereji wa maji ya mvua aliouchimba mama mwenyewe kwa jembe. Baba akawasha taa. Dimu, ile ya kumulika chini, si fulu. Na uwanja ukafutika. Sijui niseme kama nini, ni kama umefunikwa shuka jeupe halafu shuka lenyewe linakuuma macho. Nikatazama chini niione miguu yangu, miguu hakuna, ninausikia mnyororo wa baiskeli unalia lakini baiskeli yenyewe siioni. Nikainua mkono mmoja kujikinga, vidole vikawa vyekundu kwa mwanga unaopita katikati yake, na kwa kuwa nimebaki na mkono mmoja usukani ukaanza kunikimbia. Nikasema niende kushoto. Kushoto ya wapi, sijui. Nikawa napapasa na ndala kama mtu anayevuka mto, hatua, nasubiri, hatua, injini inanguruma mahali fulani mbele yangu na siwezi kukisia iko mbali au karibu, nikasahau kabisa kwamba aliyeko kwenye hiyo gari ni baba yangu na kwamba gari imesimama. Nikaogopa kweli. Halafu tairi la mbele likadidimia kwenye mfereji wa mama, pedali ikanipiga kwenye muundi, nikasimama hapohapo sitaki tena kwenda mbele wala kurudi.

Taa haikuzimwa haraka. Ilipozimwa ndio nikawa kipofu zaidi, maduara ya kijani yananielea machoni, kila ninapogeuka yanageuka na mimi. Nikasikia mlango wa gari, na sauti ya baba wala si ya ukali: "Yule alikuwa na madumu matatu."

Mama akasema kutoka mlangoni, "Baba watoto, inatosha."

Siku mbili zilizofuata ni kazi. Nikazunguka maduka ya spea mtaa wa Mwanga na mjini, nati zile peke yake hawana, wanauza taa nzima au uagize Dar usubiri treni. Nikarudi nikakaa nikiliangalia lile dumu. Pale mpini unapoungana na mwili plastiki yake ni nene, ngumu lakini haivunjiki, inapinda. Nikakata vipande kwa msumeno wa chuma, nikavipigisha tupa mpaka vikawa mraba wa kuingia kwenye tundu kwa kubana, nikachonga mfereji mwembamba kuzunguka ili kingo za bati zikikamate kipande kisichomoke. Skrubu za zamani zilikuwa kutu tupu, nikazilaza kwenye dizeli usiku mzima. Tundu nikatoboa kwa msumari wa moto mwembamba kuliko skrubu, halafu skrubu yenyewe nikaipasha kwenye jiko la mkaa niipitishe ijichoree njia. Ya kwanza niliipasha mpaka ikawa nyekundu, plastiki ikayeyuka tundu likawa pana, kipande kikafa. Ya pili nikaipasha kiasi cha tone la maji kuchemka juu yake, nikaizungusha taratibu, nikaiacha ipoe mle mle. Ikashika. Na hapo ndipo ilipotoka ile harufu, maana dumu lilikuwa limekunywa mawese miaka na miaka, nyumba nzima ikanukia, na ni ileile iliyokuja jana.

Baba akasema nisifanye moja, nifanye zote nne, maana zilizobaki nazo ni za umri uleule. Kweli, ya upande wa pili niliigusa tu ikamomonyoka. Nikapaka grisi nikafunga.

Usiku tukaseti. Tukapima upepo wa matairi kwanza, magunia yakabaki nyuma kwa sababu gari ile siku nyingi inatembea na mzigo. Tukapima kutoka chini mpaka katikati ya taa, kipimo kilekile tukakiweka ukutani kwa mkaa, gari ikarudi mita tano, na tukachora mstari mwingine sentimita tano chini ya ule. Mama akafunika taa moja kwa kanga tukaseti nyingine, halafu tukabadilisha. Kila nikilegeza skrubu ya juu kidogo mwanga unashuka ukutani, polepole kama mtu anayekaa chini, mpaka ukingo wake ukalala kwenye mstari wa chini. Baba akasema hapo, acha.

Halafu akaniambia nichukue baiskeli tena. Nikaja kutoka mchungwani, mwanga ukawa unanilamba magotini tu, nikauona mfereji, nikaunyanyulia baiskeli nikavuka. "Unaona nini?" akaniuliza. Nikamwambia naona njia. Akazima gari akaingia ndani kula.

Nati zile hazikupasuka mpaka tulipoiuza gari 2009, aliyeichukua alikuwa mtu wa Uvinza. Yule mzee wa baiskeli sikumwona tena. Kwa muda mrefu kila nikipita Mwandiga nilikuwa natazama nyuso za watu wenye madumu kwenye baiskeli, na usiku ule sura yake niliiona nusu tu, sijui ningemtambua kwa lipi. Sijui pia ningemwambia nini. Kwamba ni mimi? Labda angeniambia ilishapita. Labda asingeniambia hivyo.

Gari yangu mimi sasa hivi taa ya kushoto inatikisika kidogo kwenye matuta. Nimeshaiona tangu mwezi uliopita nikaiacha. Leo jioni naipeleka mbele ya ukuta, mkaa ninao, futi ninayo, na mwanangu amenikuta nafuta vumbi baiskeli yake akaniuliza ya nini. Ana miaka kumi na moja. Bado sijaamua kama nitembee mimi au nimwachie atembee yeye.