Jinsi Nilivyoiondolea Draivu ya DVD Kufuli la Kanda

Nimechoshwa na ushauri wa "itupe, nunua nyingine". Draivu yangu ya kuandikia DVD ni nzima. Leza yake inasoma hata diski zilizochubuka ambazo draivu mpya zinazikataa. Tatizo lilikuwa moja: aliyekuwa nayo kabla yangu alimaliza nafasi zote za kubadilisha kanda (eneo la dunia ambalo diski ya filamu imekusudiwa), akaiacha imefungwa kwenye kanda ya 1, ya Marekani na Kanada. Diski zangu nyingi, nilizozinunua kihalali, ni za kanda ya 2, yaani Ulaya na Japani. Nikiweka diski, draivu inazunguka, orodha ya mafaili inatokea, halafu filamu yenyewe inagoma kucheza.

Kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, jua kwanza kufuli lenyewe liko wapi. Draivu za zamani, zinazoitwa RPC-1, hazishughuliki na kanda. Zinaiachia programu iamue. Kuanzia 2000, draivu mpya zilitakiwa kuwa RPC-2, na hizo zinajifunga zenyewe. Mtumiaji anaruhusiwa kubadilisha kanda mara 5, basi. Hesabu hiyo imeandikwa kwenye kumbukumbu ya draivu, si kwenye kompyuta. Kwa hiyo wale walioniambia nifute Windows na kuiweka upya, tena kwa kujiamini kabisa, walikuwa wananipotezea muda. Futa unavyotaka, hamishia draivu kompyuta nyingine, hesabu inakwenda nayo. Dawa ni kubadilisha fimwea, yaani programu iliyo ndani ya draivu yenyewe, uweke iliyorekebishwa ili draivu ifanye kazi kama RPC-1. Hilo linataka uangalie sheria za unakoishi, maana baadhi ya nchi zinakataza kukwepa kinga za namna hii hata kwenye diski zako mwenyewe.

Ushauri mwingine ulionikera ni wa kutafuta fimwea kwa kuangalia nembo iliyo usoni mwa draivu. Nembo haikuambii kitu. Draivu moja huuzwa kwa majina mengi, na jina moja linaweza kufunika chipu mbili tofauti kabisa. Iulize draivu yenyewe. Inajibu kwa mpangilio maalumu: herufi 8 za mtengenezaji, 16 za modeli, 4 za toleo la fimwea. Hizo 4 za mwisho ndizo watu wanazipuuza, na ndizo muhimu, kwa sababu fimwea iliyorekebishwa hutengenezwa juu ya toleo fulani la draivu fulani.

Sasa kuhusu adapta ya USB. Draivu yangu ni ya IDE, aina ya zamani ya kuunganisha draivu, zile za pini 40, na karibu kila niliyemuuliza alisema: chomeka kwenye adapta, unganisha na laptopu, flashi (yaani andika fimwea mpya), umemaliza. Adapta ninayo, nikajaribu. Draivu ikaonekana vizuri, jina likaja, toleo likaja, diski zikasomeka. Lakini nilipoitaka programu ya kuflashi isome fimwea iliyomo ndani, ikakataa, ikadai draivu haitambuliki. Programu hiyo ina njia ya kulazimisha, na mshauri wangu mmoja akasisitiza niitumie. Nilikataa, na ninafurahi nilikataa. Ndani ya adapta kuna chipu inayotafsiri kati ya USB na IDE. Amri za kawaida, kama kusoma, kuandika diski na kufungua trei, inazipitisha. Amri za mtengenezaji, zinazofika kwenye kumbukumbu ya fimwea, adapta nyingi huzikataa au kuzikata njiani. Kusoma kukishindikana hupotezi kitu. Kuandika kukikatika nusu, draivu inaweza isiamke tena. Mahali ambapo huwezi kusoma fimwea, usithubutu kuiandika.

Nikaihamishia kwenye kompyuta ya zamani ya mezani yenye tundu za IDE kwenye ubao mama. Draivu ikakaa peke yake kwenye tundu la pili, jampa (kiplagi kidogo cha kupanga nafasi ya draivu) kwenye masta, yaani draivu ya kwanza ya tundu; ya pili huitwa slevu. Nikatengeneza flashi ya USB ya kuwashia FreeDOS, mfumo mdogo wa kompyuta, na kuweka ndani yake MTKFlash, programu ya kusoma na kuandika fimwea, kwa kuwa chipu ya draivu hii ni ya MediaTek. Programu hiyo inataka namba ya nafasi: 1 na 2 ni masta na slevu wa tundu la kwanza, 3 na 4 ni wa tundu la pili. Yangu ilikuwa 3. Diski kuu ya kompyuta niliichomoa kabisa ili amri isiwe na pengine pa kwenda.

Hapa ndipo penye utamu. Nilisoma fimwea ya asili nikaihifadhi kwenye faili. Kila mtu atakwambia ufanye hivyo. Wasichokwambia ni kwamba nakala moja haithibitishi chochote. Nikaisoma tena kwenye faili la pili, nikayalinganisha kwa FC /B, amri ya DOS inayopitia baiti moja moja. Mafaili yalikuwa na ukubwa uleule, lakini skrini ikajaa mistari ya tofauti. Nikatulia nikaisoma. 4A ilikuwa imegeuka 5A. Chini yake 06 imekuwa 16. Mbele zaidi C3 imekuwa D3. Kila mara tofauti ni 10 kwa hesabu ya heksa (ya msingi wa 16), yaani biti moja ileile, na kila mara kwenye anwani shufwa, zile zinazogawanyika kwa mbili.

IDE hupeleka data biti 16 kwa mkupuo, kila biti na waya wake, baiti ya anwani shufwa ikipita kwenye waya 8 za mwanzo. Biti moja inayoyumba kwenye anwani shufwa tu ni waya mmoja, na waya huo ni D4, waya wa data namba 4 ukianza kuhesabu na 0. Draivu haikuwa na kosa, fimwea haikuwa na kosa. Kebo ndiyo iliyokuwa imelegea ndani. Ningeandika fimwea kupitia waya ule, ningeijaza draivu takataka, na washauri wangu wangesema fimwea iliyorekebishwa ni hatari.

Nikaiweka kebo hiyo pembeni, nikachukua kebo ya waya 80, ambayo 40 za ziada ni za ardhi zinazotenganisha zile za ishara. Ncha ya buluu kwenye ubao mama, nyeusi kwenye draivu. Nikasoma upya mara mbili, nikalinganisha: hakuna tofauti hata moja. Nilishangilia kwa sauti. Kebo ni kitu cha bei ndogo sana, na hiyo ndiyo gharama yote niliyoingia.

Kuandika kwenyewe hakuna hadithi. Diski nje, trei imefungwa, kompyuta kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), mikono mbali. Ikimaliza, zima umeme kabisa, usiridhike na kuiwasha upya, maana draivu inaweza kubaki na fimwea ya zamani kichwani hadi ikatiwe umeme.

Kuna jambo nalisisitiza: EEPROM usiiguse. Ni kumbukumbu ndogo iliyo kando ya fimwea, na humo ndimo mna vipimo vya leza vilivyowekwa kiwandani kwa draivu hiyo moja. Nimeona watu wakiazimana mafaili ya EEPROM kana kwamba ni picha. Ya draivu nyingine inaweza kuifanya yako isisome tena sawasawa, hata kama modeli ni ileile.

Kwenye Linux, programu ya regionset, inayoonyesha kanda ya draivu, ikathibitisha kwamba kufuli limeondoka, na diski zangu za kanda ya 2 zikacheza kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bila kunung'unika. Windows nayo ina hesabu yake ya kanda, kwa hiyo mtu akikwambia kuflashi kumeshindikana, muulize kwanza anatumia programu gani ya kuchezea.

Kulikuwa na faida nyingine mbili. Fimwea ya asili ilikuwa inapunguza kasi kwa makusudi kila ikiona DVD ya video, ili kupunguza kelele. Kwa kasi ya 2x, diski ya GB 4.7 inachukua karibu dakika 28 kusomwa yote. Breki hiyo sasa haipo, na tofauti unaisikia kwa masikio. Ya pili naipenda zaidi: fimwea hii inaweza kuandika DVD+R ili diski hiyo ijitambulishe kama DVD-ROM, yaani diski iliyochapwa kiwandani. Deki yangu ya zamani, iliyokuwa inazitema DVD+R zote, sasa inazipokea. DVD-R usijisumbue nazo. Utambulisho wake umeshachapwa kiwandani na haubadiliki.