Kupima barafu ya Kibo na kushuka salama
Wiki hii nimewafundisha watafiti vijana kupima barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, ambayo mwaka 1912 ilienea kilomita za mraba zipatazo 12 na kufikia mwaka 2011 ilibaki chini ya 2. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: unatoboa barafu, unasimika mti wa kupimia, kisha unarudi baada ya miezi kadhaa kuona ni sentimita ngapi zimejitokeza. Sentimita 10 za barafu iliyopotea ni takriban 9 za maji.

Muda mwingi zaidi niliutumia kwenye usalama, na sijutii, kwa kuwa juu ya mita 5,000 hewa ni nyepesi kiasi kwamba hata mwenye nguvu huanza kukosea tarakimu. Nilimtaka kila mmoja atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma. Kuyumba ni dalili ya ugonjwa hatari wa mwinuko, hivyo anayeyumba hushushwa mara moja, hata usiku, hata kama vipimo havijakamilika. Mmoja aliyumba hatua ya nne. Alisisitiza kwamba ni uchovu tu, lakini wapagazi, wanaoijua dalili hiyo kuliko sisi, walikuwa wameshafunga mzigo wake.