Mke wa pili wa Niel Gow

Nilipokuwa nasoma Edinburgh, dada yangu, nesi Dundee, alikuja kunitembelea siku yake ya mapumziko. Badala ya kumpeleka madukani nikamburuta Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Alinuna, lakini alikuja.

Nilitaka kuiona kwa macho yangu lahani iitwayo Maombolezo ya Niel Gow kwa Kifo cha Mke Wake wa Pili, ya Niel Gow, mpiga fidla maarufu wa Uskoti wa zamani. Nilikuwa naipiga kwenye darasa la jioni kwa kusikiliza tu, kama nilivyofundishwa fidla za taarab kwetu Unguja, na mwalimu wetu alikuwa hachoki kusimulia kisa chake: mzee alipofiwa mwaka 1805 aliiweka fidla pembeni, marafiki wakambembeleza, na alipoishika tena, kilichotoka ndicho hicho. Kisa kizuri. Visa vizuri mno mimi huvitilia shaka. Hata kwetu kila wimbo wa simanzi una kisa chake.

Asubuhi tulikuwa tumeshaonana na mzee mwenyewe kwenye jumba la picha la Queen Street, kwenye picha aliyoichora Henry Raeburn: kakaa kitini na fidla yake, suruali fupi na soksi ndefu za tartani, kitambaa cha mirabaraba cha Kiskoti. Mtu wa Inver, karibu na Dunkeld, aliyesifika kwa nguvu ya mkono wake upinde ukipanda. Dada akasema ana sura ya mtu anayependa kula.

Kitabu kikaletwa, mkusanyiko wa tano wa kina Gow, wa mwaka 1809. Niel alikuwa ameshafariki mwaka 1807. Aliyekitoa ni mwanawe Nathaniel, mpiga fidla na muuza noti za muziki hapo hapo Edinburgh. Mstari wa juu wa fidla, wa chini wa selo. Lahani iko kwenye ngazi ya D meja, ambayo Waskoti hao hao huitumia kuchezeshea watu dansa usiku kucha. Huzuni yake inatokana na mwendo, wala usiitafute kwenye ngazi.

Dada hajui noti, kwa hiyo alikuwa akisoma vichwa tu. Lady fulani, Miss fulani, Duchess fulani.

"Kaka, hawa ndio kina nani?"

Nikamweleza: ni mabwanyenye waliowaalika kina Gow kupiga muziki kwenye majumba yao. Lahani kupewa jina la binti yako ilikuwa heshima, na heshima ile ilisaidia vitabu kununuliwa. Majina yenyewe yalibadilishwa bila haya. Baadhi ya tungo za William Marshall, mtunzi mwingine wa zama zile, zilitokea kwenye vitabu vya kina Gow kwa majina mengine kabisa.

Tukafika kwenye ukurasa wetu. Pana maelezo mafupi kwamba wawili hao waliishi pamoja zaidi ya miaka 30, na kwamba alikuwa mwanamke mwema.

"Jina lake liko wapi?"

Halikuwepo. Ikabidi tukalitafute kwenye vitabu vingine: Margaret Urquhart, wa Perth, aliolewa mwaka 1768. Wa kwanza naye aliitwa Margaret, Margaret Wiseman, mama wa watoto wanane, na Nathaniel alikuwa mmoja wao, kazaliwa mwaka 1763.

Dada akahesabu kwa vidole, kisha akasahau kwamba tuko maktaba. "Kumbe mama wa kambo kamkuta ana miaka mitano! Kamlea mpaka kawa mtu mzima, halafu anamwandika 'mke wa pili'?"

Tulitazamwa. Nikamtetea Nathaniel kwa sauti ya chini: ndiyo desturi ya zama zile, na waliomjua marehemu hawakuhitaji kutajiwa jina. Aliyeombolezwa alikuwa mke wa Niel, na jina la Niel ndilo lililouza.

Tulibishana njia nzima hadi stesheni ya Waverley. Mimi nilikuwa nataka kujadili kama lahani ni ya baba kweli au mwana aliinyoosha kabla ya kuichapisha. Yeye hilo halikumshughulisha hata kidogo.

"Angekuwa binti wa Duke," aliniambia akipanda treni ya Dundee, "ungemkuta hapo juu kwa jina lake na la baba yake."